Majokofu ya supamaketi: bili ya umeme haionyeshi madhara yote

#1 · Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, nipo Dar es Salaam. Kazi zangu nyingi ni za maduka: supamaketi, mabucha, vyumba vya baridi vya samaki. Nimeona nianzishe uzi huu kwa sababu kila ikitajwa supamaketi na mazingira, mazungumzo yanaishia kwenye mifuko ya plastiki. Kenya waliipiga marufuku mwaka 2017, sisi mwaka 2019, na ni jambo jema kabisa. Lakini mfuko ni kitu kidogo ukilinganisha na kinachofanyika nyuma ya ukuta wa maziwa na kuku waliogandishwa, na huko ndiko mteja asikofika.

Nianze na umeme. Duka la chakula linakula umeme kuliko karibu aina zote za maduka. Supamaketi za Marekani kwa wastani hutumia uniti 50 hivi kwa kila futi mraba kwa mwaka, yaani kama uniti 540 kwa mita mraba moja. Sasa chukua nyumba ya Mtanzania iliyo kwenye lile kundi la TANESCO la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima nyumba hiyo haivuki uniti 900. Sakafu ya supamaketi yenye ukubwa wa mita mraba mbili tu inaipita. Uingereza watafiti walishakadiria kwamba maduka ya chakula yanachukua karibu asilimia 3 ya umeme wote wa nchi, na hiyo ni nchi yenye viwanda, treni za umeme na majiji makubwa.

Umeme huo unaenda wapi? Majokofu peke yake yanabeba kati ya theluthi moja na zaidi ya nusu, kutegemea duka. Zinafuata taa, kisha viyoyozi, halafu oveni za mikate kwenye duka lenye tanuri lake. Kwa hiyo mwenye duka anayehangaika na taa tu, huku majokofu yake hayajaguswa, anapunguza pembeni.

Na kati ya majokofu yote, linalonitesa roho ni lile refu la wima lisilo na mlango, linalopangwa maziwa, juisi, soseji na mtindi. Linategemea pazia la hewa: feni inapuliza hewa baridi kutoka juu kwenda chini mbele ya rafu, na hewa hiyo inatakiwa izuie joto la dukani lisiingie. Haizuii yote. Hewa ya nje inayopenya ndiyo inayobeba karibu asilimia 70 ya mzigo wa jokofu la aina hiyo. Maana yake, sehemu kubwa ya kazi ya kompresa, ile pampu inayobana gesi ya jokofu, ni kupoza hewa ya kwenye korido, wala haihusiani na maziwa.

Hapa pwani kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya Ulaya havilitilii uzito. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Hewa hiyo ikiingia kwenye jokofu, unyevu unageuka maji, maji yanageuka barafu juu ya mapezi ya evapureta, ile sehemu ya ndani inayopoza hewa. Barafu ikijaa, hewa haipiti. Mashine inalazimika kufanya difrosti, yaani hita ya umeme inawashwa ndani ya jokofu kuyeyusha barafu, halafu kompresa inaanza upya kuondoa joto lililoletwa na hita. Umeme wa kuleta joto na umeme wa kuliondoa, vyote kwenye mita moja. Dukani bado utaona mteja amevaa sweta kwenye korido ya maziwa huku upande wa pili viyoyozi vinapambana na joto la mlangoni.

Nitaendelea na jambo zito zaidi, ambalo haliko kwenye Luku kabisa. Maswali yanakaribishwa.

#2 · Mdau, Mwanza

Mkuu, asante kwa somo. Mimi nina duka la kawaida, si supamaketi kubwa. Swali langu: kama jokofu lisilo na mlango linapoteza umeme hivyo, kwa nini hawa wakubwa hawaweki milango? Si wanasoma bili kila mwezi?

#3 · Mwanzisha uzi

Mkuu wa Mwanza, bili wanaisoma, lakini anayesoma bili na anayepanga rafu ni watu wawili tofauti. Idara ya mauzo inaamini kwamba mteja akikuta mlango atapita bila kununua. Wanataka mkono ufike kwenye mtindi bila kizuizi. Hofu hiyo ilikuwepo Ulaya pia. Pamoja na hayo, maduka makubwa ya Ufaransa yalikubaliana na serikali yao mwaka 2012 kufunga milango kwenye majokofu ya chakula kibichi, na leo ni kitu cha kawaida kule. Mteja anayetaka maziwa anafungua mlango, kama anavyofungua friji la nyumbani kwake.

Akiba yake ni kubwa. Mlango mzuri wa kioo unaondoa theluthi moja ya umeme wa jokofu lile na mara nyingi zaidi ya hapo. Kwetu tuwe waangalifu na kitu kimoja: kioo hutoka jasho. Ukinunua mlango wa bei rahisi wenye kioo kimoja, utaukuta umefunikwa ukungu kutwa nzima, mteja haoni kilichomo, na meneja ataamuru milango ibaki wazi. Inatakiwa kioo cha tabaka mbili, na kama kina hita ya kuzuia jasho, hita iongozwe na kipimo cha unyevu ili iwake pale tu inapohitajika. Nimeona hita za milango zinawaka saa 24, hata usiku duka likiwa limefungwa na viyoyozi vimekausha hewa.

Asiyeweza milango aanze na mapazia ya usiku. Ni turubai maalumu linaloviringishwa juu ya jokofu, duka likifungwa unalivuta chini. Majokofu mengi yaliyoagizwa yanakuja nayo. Nenda duka lolote usiku uone mangapi yamevutwa. Mlinzi hajaambiwa, msafishaji hajaambiwa, pazia limejikunja pale juu tangu siku ya ufunguzi.

Kuna njia nyingine ya kati niliyoipenda: Sainsbury's wa Uingereza walifunga vipande vyembamba vyenye umbo la bawa kwenye kingo za rafu, teknolojia iliyoendelezwa kwa msaada wa wahandisi wa Williams wanaotengeneza magari ya mashindano. Vinaielekeza hewa baridi ishuke wima badala ya kumwagika nje. Jokofu linabaki wazi, umeme unapungua.

Kwa duka lako la kawaida mkuu, kama una friza za mfuniko, tayari upo pazuri. Hewa baridi ni nzito, inakaa chini kwenye friza hata mfuniko ukifunguliwa. Angalia mpira wa mfuniko tu: bana karatasi katikati, ukiivuta ikitoka kirahisi, mpira umekwisha.

#4 · Mwanzisha uzi (sehemu ya pili: gesi)

Naendelea na lile nililoahidi.

Ndani ya mabomba ya shaba ya majokofu kuna gesi. Supamaketi nyingi za ukanda wetu zenye mfumo mkubwa zinatumia R404A. Mitambo ya zamani ina R22, na majokofu madogo ya vinywaji mengi yana R134a. Soma bamba la mashine, imeandikwa.

Kila gesi ina kipimo cha nguvu yake ya kuongeza joto duniani ikilinganishwa na hewa ukaa, kwa uzito uleule, kwa muda wa miaka 100. Hewa ukaa ni 1. R134a ni 1,430. R22 ni 1,810, na hiyo inakula pia tabaka la ozoni. R404A ni 3,922.

Someni hiyo ya mwisho tena. Kilo moja ya R404A ikivujia hewani ni karibu tani nne za hewa ukaa.

Sasa twende dukani. Mfumo mkubwa wa supamaketi una mashine chumba cha nyuma au juu ya paa, na mabomba marefu yanayokwenda kwenye kila jokofu na kurudi. Maungio ni mengi sana, na kila ungio ni mahali pa kuvujia. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inakadiria kwamba supamaketi ya kawaida kule inapoteza kama robo ya gesi yake kila mwaka. Wale wana vifaa, wana sheria, wana mafundi waliosajiliwa. Mimi nitatumia robo hiyohiyo kwa mfano wetu, nisionekane nazidisha.

Mfano: duka la mita mraba 1,000, linatumia uniti 500,000 kwa mwaka, mfumo wake una kilo 120 za R404A. Robo ikivuja ni kilo 30. Zidisha kwa 3,922, unapata karibu tani 118 za hewa ukaa. Ni sawa na kuchoma lita 44,000 za dizeli, na hakuna aliyeona moshi.

Linganisha na umeme. Duka hilohilo likiwa Johannesburg, ambako umeme mwingi unatokana na makaa ya mawe na uniti moja ni karibu kilo moja ya hewa ukaa, umeme wake ni tani 500 hivi. Kule umeme ni tatizo kuu, gesi inafuata. Lihamishie Nairobi, ambako sehemu kubwa ya umeme ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana. Tukiweka gramu 100 kwa uniti, umeme wa mwaka mzima ni tani 50. Gesi iliyovuja ni zaidi ya mara mbili ya umeme wote wa duka: taa, viyoyozi, oveni, kompyuta za malipo, kila kitu.

Sisi Tanzania tupo katikati. Uniti inayotoka kwenye mitambo ya gesi asilia ya Kinyerezi au Ubungo ina gramu 400 hadi 500 hivi, ya maji karibu hakuna. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa mwaka 2024, na uwezo wake kamili ni megawati 2,115, sehemu ya maji imeongezeka sana. Maana yake kila mwaka umeme wetu unavyozidi kuwa safi, gesi ya majokofu inachukua sehemu kubwa zaidi ya lawama. Ndiyo hoja yangu kuu kwenye uzi huu. Duka la Afrika Mashariki linalojisifu kwamba limepunguza umeme, bila kusema limejaza kilo ngapi za gesi mwaka huo, halijatueleza lolote la maana kuhusu hali ya hewa.

#5 · Mdau, Nairobi

Ndugu, hii hesabu imenishtua. Hapa kwetu tunajua stima yetu ni safi, na tunaisema kwa fahari. Pale kwenye jengo la maduka la Garden City walishaweka paneli za sola juu ya maegesho ya magari tangu 2015, kilowati 858. Mimi nilidhani duka likipata sola na stima ya Olkaria basi kazi imeisha. Unasema bado?

#6 · Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Nairobi, fahari hiyo mnayo haki nayo, na ile sola ya Garden City ni mfano ambao ningetamani kila jengo la biashara Dar liuige. Mzigo wa majokofu na viyoyozi unapanda saa za jua kali, wakati uleule paneli zinatoa umeme mwingi. Vinaoana vizuri.

Ila ndiyo, nasema bado. Sola haizibi tundu kwenye bomba. Na kuna kitu kingine kinachoweza kuufuta usafi wa Olkaria kwa muda mfupi: stima ikipotea.

Jenereta ya dizeli inatoa kama uniti tatu na kidogo kwa lita. Lita moja ya dizeli ikichomwa ni kilo 2.68 za hewa ukaa. Kwa hiyo uniti ya jenereta ni kama gramu 800. Kwa ile gramu 100 yenu, saa tatu za jenereta zinatoa hewa ukaa sawa na saa 24 za umeme wa gridi kwa mzigo uleule. Afrika Kusini wakati wa mgao mkali wa 2022 na mwanzoni mwa 2023, Shoprite walitangaza kwamba dizeli ya jenereta iliwagharimu randi milioni 560 kwa miezi sita. Sisi nasi tulikuwa na mgao mwishoni mwa 2023, kila mwenye duka anakumbuka namna alivyokuwa akituma kijana na madumu kituo cha mafuta.

Hapo ndipo milango inapolipa mara ya pili. Jokofu lenye mlango, umeme ukikatika, linashika baridi kwa muda. Lile lisilo na mlango linaanza kupanda joto dakika ileile, meneja hana la kufanya ila kuwasha jenereta. Friza iliyojaa, yenye mfuniko, inaweza kukaa saa nyingi bila kutikisika. Duka lililopangwa vizuri linaweza kuacha friza zizime kwa muda mfupi, likatumia jenereta ndogo kwa taa, mashine za malipo na jokofu la maziwa tu.

#7 · Mdau, Arusha (meneja wa duka)

Shikamoo fundi. Mimi ni meneja wa tawi, nisiseme la nani. Nina swali la moja kwa moja kwa sababu jambo unalosema nalishuhudia. Fundi wetu anakuja kila baada ya miezi michache, anasema gesi imepungua, anajaza, tunalipa, anaondoka. Baridi inarudi. Baada ya muda inaanza tena. Mimi nilijua gesi inaisha kwa kutumika, kama mafuta ya gari. Si hivyo?

#8 · Mwanzisha uzi

Marahaba meneja. Swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri.

Gesi ya jokofu haitumiki ikaisha. Inazunguka tu: kompresa inaibana, kondensa inaipoza iwe kimiminika, inapita kwenye vavu ya upanuzi, inachemka ndani ya evapureta na kubeba joto, inarudi kompresa. Mfumo usiovuja unaweza kufanya kazi miaka na miaka na gesi ileile. Friji la bibi kijijini lina gesi iliyowekwa kiwandani na halijawahi kuongezwa. Ukiambiwa gesi imepungua, maana yake moja tu: kuna tundu. Na fundi akijaza bila kulitafuta, amekuuzia gesi ya kumwaga angani, na ameshajihakikishia kazi ya kurudi.

Hasara inakuja kabla hata baridi haijapotea. Gesi ikipungua, kompresa inafanya kazi muda mrefu zaidi kuleta baridi ileile. Bili inapanda taratibu, wewe unadhani ni joto la Januari. Unalipa gesi, unalipa umeme, mwisho unalipa kompresa mpya kwa sababu ile ya zamani ilipozwa kidogo mno, mafuta hayakurudi vizuri, ikaungua.

Ukimwita fundi safari ijayo, mdai mambo haya. Apime uvujaji kwa kifaa cha kunusa gesi au kwa povu la sabuni kwenye kila ungio, na akuonyeshe palipovuja kwa macho yako. Akichomelea shaba, apitishe naitrojeni ndani ya bomba; bila hiyo, moto unatengeneza masizi meusi ndani, masizi yanaziba vavu na chujio, mwezi unaofuata unaitwa tena. Baada ya kuziba, ajaze naitrojeni kwa presha aiache ikae, aone kama geji inashuka. Kisha apige vakyumu ya kutosha kwa pampu, na siyo kile kitendo cha kufungua gesi kidogo ili isukume hewa nje. R404A ni mchanganyiko wa gesi tatu, kwa hiyo ijazwe ikiwa kimiminika, kwa mizani. Na kabla ya kufungua mfumo, gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine na kuwekwa kwenye mtungi. Ile tabia ya kufungua vavu na kuiachia ilie hewani mpaka iishe ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana dakika zile chache zinaweza kuzidi hewa ukaa ya umeme wa duka kwa miezi.

Halafu, na hili halina gharama kabisa: fungua daftari. Tarehe, jokofu gani, kilo ngapi zimeongezwa, palivuja wapi. Mwisho wa mwaka jumlisha kilo, zidisha kwa 3,922. Ukimpelekea mkurugenzi wako hesabu ya gesi aliyonunua na ile ya hewa ukaa kwenye karatasi moja, atakusikiliza.

Sehemu zinazovuja zaidi, kwa uzoefu wangu, ni nati za kubana zilizoko kwenye mabomba yanayotikisika karibu na kompresa, na vavu ndogo za kupimia ambazo mafundi huondoka bila kurudisha vifuniko vyake. Kifuniko kidogo cha shaba chenye mpira, bei yake haizidi ya soda.

#9 · Mdau, Zanzibar

Mwalimu, nakushukuru. Huku kwetu kisiwani umeme unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na ukikatika unaujua. Nina mambo mawili. La kwanza, chumvi: kondensa zetu zinaoza haraka sana. La pili, nasikia Ulaya wanatumia hewa ukaa yenyewe kama gesi ya jokofu, na wengine gesi ya kupikia. Hii ya kupikia si hatari?

#10 · Mwanzisha uzi

Ndugu wa Zanzibar, naanza na kondensa kwa sababu ni jambo la leo, hayo mengine ni ya mtu anayenunua mashine mpya.

Kila kondensa inapopanda joto kwa nyuzi moja, umeme wa kompresa unaongezeka kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Sasa angalia zilivyopangwa: zimebanana juu ya bati lililochomwa na jua, moja inavuta hewa moto iliyotemwa na mwenzake, mapezi yamejaa vumbi na chumvi. Hapo unaweza kuwa nyuzi kumi juu ya inavyotakiwa. Pwani nunua kondensa yenye mapezi yaliyopakwa rangi maalumu ya kuzuia kutu, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kwa presha ndogo mara kwa mara, iwekee kivuli kisichozuia hewa, na itenganishe na jirani yake. Kivuli cha makuti kimesaidia wengi niliowahudumia.

Sasa gesi. Hewa ukaa, inayoitwa R744, ni ileile tunayoitoa puani. Ikivuja kilo ni kilo, haizidishwi kwa chochote. Supamaketi za Ulaya zimehamia huko kwa wingi. Ugumu wake ni huu: ikivuka nyuzi 31 za joto, hewa ukaa haiwezi kugeuka kimiminika hata ukiibana vipi. Ulaya ya baridi hawana shida hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nairobi na Arusha mnaweza kuitumia vizuri. Dar, Mombasa na Zanzibar, kuanzia Desemba hadi Machi, mara nyingi mchana hewa ya nje inafika au kuvuka hapo, na mashine inahitaji vifaa vya ziada ili isile umeme mwingi. Inawezekana: Amman, Jordan, ambako joto la kiangazi ni kali, waliifunga supamaketi ya namna hiyo mwaka 2018 kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda. Woolworths wa Afrika Kusini nao wana maduka mengi ya mfumo huu. Ila presha yake ni kubwa mno, fundi asiyefundishwa asiiguse.

Hiyo unayoiita gesi ya kupikia ni propani safi, R290; kipimo chake ni 3 tu na inapoza vizuri hata kwenye joto letu. Inawaka, kweli. Ndiyo maana haitumiwi kwenye mabomba marefu ya kuzunguka duka. Inawekwa kidogo ndani ya jokofu linalojitegemea, la kuchomeka kwenye soketi, lililofungwa kiwandani. Kiwango cha kimataifa kilikuwa gramu 150 kwa mzunguko mmoja, mwaka 2019 kikaongezwa hadi karibu gramu 500. Kwa maduka ya pwani ya ukubwa wa kati, mimi ningependekeza hili kabla ya yote: majokofu ya R290 yenye milango. Maungio machache, yanavuja kwa nadra, na hata ikivuja yote ni chini ya nusu kilo. Tahadhari: yanatema joto lake mlemle dukani, kwa hiyo panga kiyoyozi au njia ya kutoa hewa. Na kamwe, nasisitiza kamwe, usikubali fundi atoe R134a au R22 kwenye jokofu la zamani na kuweka gesi ya kupikia ya mtungi wa jikoni. Swichi zake hazikutengenezwa kuzuia cheche, na gesi ile si safi.

#11 · Mdau, Arusha (meneja wa duka)

Fundi, nimefungua daftari leo. Na nimepanda juu ya paa: bamba linasema R404A. Tunafungua tawi jipya mwakani na mkandarasi ameleta bei ya mashine za R404A zilizotumika Ulaya, ni rahisi sana. Nimwambie nini mkurugenzi?

#12 · Mwanzisha uzi

Mwambie asinunue, na sababu ya kwanza iwe ya fedha.

Mwaka 2016, tarehe 15 Oktoba, nchi za dunia zilikubaliana pale Kigali kupunguza gesi za kundi la R404A na R134a. Ni nyongeza ya Mkataba wa Montreal wa 1987 uliookoa ozoni. Nchi za kundi letu, yaani nyingi za zinazoendelea, zilitakiwa zisiongeze matumizi kuanzia 2024, zipunguze asilimia 10 ifikapo 2029, 30 ifikapo 2035, 50 ifikapo 2040 na 80 ifikapo 2045. Kiwango hicho kinahesabiwa kwa tani za hewa ukaa, wala si kwa kilo za gesi. Kwa mfumo huo, mwagizaji mwenye kiwango kidogo ataona kilo moja ya R404A inamlia nafasi ambayo ingetosha karibu kilo tatu za R134a. Gesi itakayoadimika kwanza ni hiyo. Mashine ya supamaketi inatarajiwa kuishi miaka 15 hadi 20. Akiifunga mwakani, itazeeka katikati ya uhaba, na gesi ikiadimika ndipo mitungi feki inapojaa mitaani. Mwaka 2011 gesi feki iliyouzwa kama R134a iliua mafundi waliokuwa wakihudumia makontena ya baridi, kwa sababu ilichanganyika na kemikali inayoshambulia alumini.

Amuulize pia mkandarasi kwa nini ni rahisi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mashine mpya za R404A kuanzia Januari 2020. Wanaozing'oa kule wanatafuta pa kuzipeleka, na kontena la kwenda Mombasa au Dar ni rahisi kuliko kuzisaga.

Arusha mna hali ya hewa nzuri. Omba bei mbili za kulinganisha: ya hewa ukaa kwa mfumo mkubwa, na ya majokofu ya R290 yenye milango. Ziwekwe pamoja na makadirio ya uniti kwa mwaka na kilo za gesi za miaka kumi, siyo bei ya kununulia peke yake. Mkandarasi akishindwa kukupa namba hizo, hajaifahamu kazi anayoiomba.

Kwa tawi la sasa, anza na daftari hilo, mapazia ya usiku na kuosha kondensa. Ukipata picha ya bamba na ya maungio ya chumba cha mashine, bandika hapa nizione. Kesho jioni nitakuwa mtandaoni.